Waya Usisahaulike: Niliyojifunza Omiya, Kijiji cha Misonobari ya Chunguni

Akina mama wenzangu, anayesafiri kwa basi kutoka Iringa kwenda Mbeya huiona misonobari ya Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini. Sisi wa huku twaiita mipaini. Imepangwa kwa mistari kama askari wa gwaride, imenyooka, na kila aitazamaye huhesabu mbao na nguzo. Mimi nimekulia karibu na miti hiyo. Nimeokota kuni zake na kulalia kitanda cha mbao zake, wala sikuwahi kufikiri kwamba msonobari una jambo la kunifundisha.

Jambo hilo nilikwenda kulipata Japani. Nilifika huko mwezi wa Novemba pamoja na wauguzi wengine, tukipelekwa na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, kwa mafunzo ya Kaizen. Ni ule utaratibu wa kupanga, kusafisha na kuboresha mahali pa kazi ambao hospitali zetu nyingi sasa zinaufahamu. Jumamosi moja mkalimani wetu, mama wa Kijapani aliyewahi kuishi Tanzania ujanani akifundisha kwa kujitolea, alituuliza nani angependa kwenda kuona miti. Wenzangu walichagua madukani. Mimi nilikuwa na uzito moyoni ambao nitaueleza mbele, na maduka hayakunivuta. Nikafuatana naye.

Kijiji kilichozaliwa na tetemeko

Tulipanda treni kutoka Tokyo kuelekea kaskazini, kiasi cha kilometa 30, tukashuka Omiya katika mkoa wa Saitama. Hapo tukabadili treni, na kituo cha pili tukateremka na kwenda kwa miguu. Nilidhani nitaona bustani moja yenye geti. Kumbe ni mtaa mzima wa watu wanaoishi, barabara zake zimepewa majina ya miti, na nyumba nyingi zimezungukwa na ua wa miti hai. Kulikuwa kimya kabisa. Baridi ilinifanya nivae vitenge viwili juu ya koti.

Njiani mwenzangu alinisimulia asili ya mahali pale. Tarehe 1 Septemba 1923, ikikaribia saa sita mchana, tetemeko kubwa liliipiga Tokyo na miji ya jirani. Ilikuwa saa ya kupika chakula cha mchana. Fikiri mwenyewe, mama: majiko yamewaka katika nyumba za mbao, kisha ardhi inatikisika. Moto uliofuata uliua watu wengi kuliko kuta zilizoanguka, na waliokufa kwa jumla walizidi 100,000. Miongoni mwa walionusurika walikuwamo watunzaji wa bonsai, yaani miti inayokuzwa kwenye vyungu bapa. Walitafuta mahali penye nafasi, maji safi na hewa nzuri, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji hapa Omiya.

Waliwekeana masharti. Kila atakayekaa kijijini awe na bonsai zisizopungua 10. Mlango wake uwe wazi kwa wageni. Asijenge ghorofa, isije ikaziba jua na upepo. Na uzio wake uwe wa miti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kazi hii ilionekana kuwa anasa, na bustani nyingi zikafungwa. Leo zimebaki chache, lakini zinatembelewa na watu wa mataifa mengi, na tangu mwaka 2010 pana pia jumba la makumbusho ya bonsai.

Bustani nyingi haziruhusu kupiga picha. Basi nilitoa daftari langu la mafunzo, nikageuza ukurasa wa nyuma na kuanza kuandika.

Mti wa miaka mia katika bakuli

Nilikuwa nikidhani kwamba bonsai ni mbegu ya pekee, aina ya mti usiokua. La hasha. Ulionisimamisha mbele yake ulikuwa msonobari mweusi, mti wa kawaida wa pwani za Japani. Ukipandwa ardhini waweza kuzidi mita 20. Huu ulikuwa na zaidi ya miaka 100, lakini kutoka chungu hadi kilele haukunifika kiunoni. Magome yake yalikuwa yamepasukapasuka kama ya mti mzee wa msituni, na sindano zake, maana majani ya msonobari ni kama sindano, zilikuwa fupi, nene na za kijani kilichokolea.

Mbele yake aliketi mzee wa umri wa baba yangu, na mti ukiwa juu ya meza ndogo inayozunguka. Mwenzangu alipomwambia kwamba mimi ni muuguzi kutoka Tanzania, aliomba aone mikono yangu. Akaitazama kama daktari anavyotazama ulimi, akasema kitu. Mwenzangu akatafsiri huku akicheka: "Dada, anasema mikono haitetemeki, unaweza kukaa."

Alianza kunionyesha namna ya kuusoma mti. Jicho huanzia chini, kwenye mizizi iliyo juu ya udongo. Yapaswa itawanyike pande zote kama vidole vinavyoshika ardhi. Kisha shina, nene chini na jembamba kadiri linavyopanda. Tawi la kwanza huachwa kwenye kiasi cha theluthi moja ya kimo. Yanayofuata hupishana, la kulia, la kushoto na la nyuma, ili mti usiwe bapa kama picha ukutani. Matawi hushushwa kidogo, kwa sababu misonobari mizee ya milimani imelemewa na theluji miaka mingi. Na kilele huinamishwa kidogo kuelekea kwa mtazamaji, kama mtu anayeamkia.

Nilimwuliza kazi hiyo huchukua muda gani. Alijibu kwamba kumwagilia maji peke yake mwanafunzi hujifunza miaka mitatu. Nilifikiri ni mzaha, lakini mwenzangu akanihakikishia kwamba ndivyo wasemavyo watunzaji wote.

Kila jambo na msimu wake

Msonobari hautengenezwi kwa siku moja. Una kalenda yake, nami niliiandika yote.

Mwanzoni mwa majira ya kuchipua, mti ambao mizizi imejaa hubadilishiwa udongo. Hilo halifanyiki kila mwaka. Huweza kupita miaka mitatu hadi mitano, na mti mzee husubiri zaidi. Udongo wake ni punjepunje zinazopitisha maji upesi. Ndani ya mizizi huonekana ukungu mweupe, nao haupaswi kuoshwa wote, kwani ni rafiki anayeusaidia mti kupata chakula.

Baadaye machipukizi husimama wima nchani mwa matawi, na watunzaji huyaita mishumaa. Mti hulishwa mbolea vizuri. Kisha, kati ya Juni na mwanzo wa Julai, mishumaa hiyo yote ya msonobari mweusi hukatwa. Nilishtuka. Mti umelishwa miezi kadhaa, halafu matunda ya chakula hicho yanakatwa? Mzee alieleza kwamba mti wenye nguvu utachipua mara ya pili, na kwa kuwa siku za joto zilizobaki ni chache, sindano za awamu hiyo zitakuwa fupi. Hiyo ndiyo siri ya zile sindano fupi. Lakini mti dhaifu, mti uliohamishwa chungu karibuni, au mti mgonjwa, haukatwi kabisa. Huo huachwa ule, ukue, upone kwanza.

Vuli inapofika, mahali palipotoka machipukizi manne au matano huachwa mawili tu. Sindano za zamani hung'olewa moja moja kwa kibano, ili mwanga uingie mpaka matawi ya ndani. Alinipa kibano na mti mdogo wa kujifunzia. Nami, kwa kupenda usawa, nikaanza kuacha idadi ileile kila mahali. Akanizuia kwa upole. Msonobari hupeleka nguvu zake juu, na matawi ya chini hudhoofika. Kwa hiyo kwenye kilele huacha kama jozi 5 za sindano, katikati 7, na chini 10. Aliye dhaifu huachiwa zaidi. Na tawi la msonobari likivuliwa sindano zote, hilo limekufa.

Tulio na watoto zaidi ya mmoja tunajua kwamba kugawa sawasawa si kutenda haki siku zote.

Waya wa shaba

Baada ya chai mzee alianza kazi ya waya, ambayo hufanywa msimu huu wa baridi. Waya wa shaba huchomwa kwanza motoni ili ulainike. Ukishakunjwa juu ya tawi hukakamaa, ukalishika tawi pale lilipoelekezwa. Unene wake ni kiasi cha theluthi moja ya unene wa tawi. Huzungushwa kwa mshazari, mizunguko iachane kwa nafasi sawa, bila kubana sindano hata moja.

Nilijiona niko wodini. Sisi bandeji ya mguu huanzia vidoleni na kupanda kuelekea moyoni. Yeye alianzia shinani kwenda nchani. Lakini mkono ni uleule, usiolegeza wala kukaza kupita kiasi. Tawi nene alilifunga kwanza kwa nyuzi laini zilizolowekwa maji, kusudi lisipasuke. Kisha akalikunja kwa vidole gumba vyote viwili, polepole, huku sikio lake likiwa karibu. Alikuwa akisikiliza kama mti unalia.

Ndipo nilipouliza swali la kiuguzi. "Mzee, unajuaje siku ya kuutoa?"

Alijibu kwamba hakuna tarehe. Tawi jembamba laweza kushika mkao kwa miezi michache, jingine kwa mwaka na zaidi. Yeye hutazama kila siku anapomwagilia, hasa msimu wa vuli, kwa sababu ndipo matawi hunenepa haraka. Waya ukianza kugusa gome tu, unatoka. Tena hauzungushwi kurudi nyuma ili uhifadhiwe, maana tawi laweza kuvunjika. Hukatwa kipande kipande kwa koleo. Tawi likirudi lilikokuwa, hufungwa waya mwingine, ukapita njia nyingine.

Kisha akainuka, akatupeleka nyuma ya bustani. Kulikuwa na msonobari peke yake, shina lake zuri, ila tawi moja nene lilikuwa na kovu la kuzunguka, kama alama ya kamba kwenye shingo ya mbuzi. Alisema aliufunga yeye mwenyewe akiwa kijana. Mkunjo ulikuwa sahihi, waya ulikuwa sahihi. Alisahau kuutoa kwa wakati, na gome likaumeza. Miaka mingi imepita na kovu halijaondoka. Hauzi mti huo. Huuweka mahali anapoupita kila asubuhi.

Kovu nililolijua

Hapo nililia, mama zangu, mbele ya mzee nisiyemfahamu.

Binti yetu wa kwanza, alipokuwa kidato cha pili, alipata makundi mabaya. Alitoroka shule, akaanza kudanganya, na mara moja tulimtafuta usiku kucha. Nilimkaza. Nilimhamisha shule, nikachukua simu, nikachagua marafiki, nikahesabu dakika za kutoka kanisani hadi nyumbani. Sijutii hayo. Alikuwa na miaka 15, na waya ule ulimwokoa.

Lakini mwaka ninaokwenda Japani alikuwa na miaka 20, amemaliza kidato cha sita vizuri, na bado nilikuwa nikisoma ujumbe kwenye simu yake. Alitaka kwenda chuo cha mifugo mkoa mwingine. Mimi nilikuwa nimemjazia fomu ya uuguzi, chuo cha karibu, arudi kulala nyumbani. Mume wangu aliniambia mara mbili, "Mama watoto, legeza." Sikusikia. Usiku wa kuamkia safari binti akasema, "Mama, mimi si wa kidato cha pili tena." Nilimfokea mbele ya wadogo zake. Asubuhi hakutoka chumbani kuniaga.

Na mimi ni muuguzi! Mgonjwa akifungwa plasta ngumu mguuni, hilo ambalo mitaani huitwa hogo, kazi yangu ya kwanza ni kutazama vidole. Je, vina joto? Vina rangi yake? Anavihisi? Plasta iliyowekwa vizuri kabisa, mguu ukivimba ndani yake, huweza kuuharibu mguu ule ule iliokuja kuuponya. Nimewaambia hayo wanafunzi wa uuguzi kwa miaka mingi. Nyumbani kwangu sikuwa nimetazama vidole kwa miaka mitano.

Tena kuna tofauti iliyonichoma zaidi. Mti hausemi. Mzee yule ilimbidi atazame gome kila siku kwa sababu hakuna atakayemwambia. Binti yangu alisema kwa kinywa chake, nami nikamfokea.

Mkono hupokea mkono

Tuliporudi kituoni mwenzangu, ambaye hakuniuliza kwa nini nililia, alinisimulia habari ya msonobari mwingine. Ni msonobari mweupe wa Japani, ulioanza kutunzwa chunguni mwaka 1625. Tarehe 6 Agosti 1945 ulikuwa Hiroshima, nyumbani kwa ukoo wa Yamaki, na ukuta wa bustani ukaukinga bomu lilipolipuka. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Marekani, nchi iliyolirusha bomu lile, nao upo Washington mpaka sasa. Watunzaji wa huko hawakuijua habari ya Hiroshima hadi mwaka 2001, wajukuu wa Yamaki walipokwenda kuutembelea.

Nilihesabu vizazi ndani ya treni. Hakuna hata mmoja wa wale waliouinamia mti huo na mkasi aliyeona mwisho wa kazi yake. Kila mmoja aliupokea, akaufanyia yaliyo ya msimu wake, akaukabidhi.

Kipande kipande

Niliporudi sikumwachia binti yangu yote siku moja. Waya hukatwa kipande kipande. Kwanza nilimwomba radhi, mbele ya wadogo zake walewale. Sisi wazazi wa kiafrika jambo hilo lina uzito, na sauti yangu ilikwama. Hakunikumbatia. Alisema, "Nimesikia, mama," akaendelea kuosha vyombo. Juma lililofuata nilimrudishia simu yake bila kuuliza neno la siri. Baadaye tuliketi watatu, baba yake, yeye na mimi, tukajaza fomu ya mifugo kwa mwandiko wake mwenyewe.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kilinyooka. Muhula wa kwanza alimaliza fedha za miezi minne katika mwezi mmoja na nusu. Mkono wangu uliwasha kutaka kufunga waya ule wa zamani. Tulifunga mwingine, mwembamba: fedha zikawa zinatumwa kila mwezi, na yeye anaandika matumizi. Muhula wa tatu tuliuondoa.

Zamani nilimpigia kila siku saa moja jioni, nikitaka kusikia sauti za nyuma yake ili nijue yuko wapi. Niliacha. Wiki mbili za kwanza simu yangu ilikaa kimya, nami nilikuwa naishika na kuiweka. Jumamosi ya tatu ililia. Hakuwa na shida yoyote. Alitaka kunieleza jinsi walivyomsaidia ng'ombe kuzaa ndama aliyelala vibaya tumboni, na akaniuliza sisi wodini huwa tunafanyaje.

Mama mwenzangu, sijui nyumbani kwako ni nani uliyemfunga waya, wala sisemi kwamba ulikosea kumfunga. Nakuuliza lile swali la wodini tu. Mara ya mwisho umetazama vidole lini?